Pengo Lake Litazibika Upesi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na kiti changu kimekaliwa.

Kwa haki kiti ndicho kingetangulia. Saa nne nilishuka ghalani na chupa ya chai kama kawaida. Mtunza ghala alikuwa amesimama, mikono nyuma, na kwenye kiti changu ameketi yule mwanamke wa mauzo ambaye kampuni humvisha utepe kila mwisho wa mwezi na kumwita Malkia. Amekunja nne. Kiatu kimoja chekundu kinaning'inia kwenye ncha ya kidole, kinachezacheza.

"Karibu, Bibi Nukta," akaniambia, kana kwamba ghala ni sebule yake.

Bibi Nukta ndiye mimi. Vijana wa matangazo walinipa jina hilo kwa sababu kazi yangu ni kusahihisha kila neno linalotoka katika kampuni hii ya magodoro: matangazo, hotuba za Mkurugenzi, hata maonyo yanayobandikwa chooni. Wenzangu wa umri huu wameshastaafu. Mimi nimebaki kwa sababu hakuna mwingine anayejua koma inakaa wapi.

Kiti chenyewe ni kreti la mbao lililopinduliwa, na juu yake kipande cha sponji. Mtunza ghala alikikata kwa mkono wake mwaka nilipovunjika nyonga, akachimba kishimo upande wa kushoto ili mfupa wangu upate pa kulala. Hakuna makalio mengine duniani yanayoingia pale. Malkia aliyalazimisha yake.

Nilikunywa chai nimesimama. Si wivu. Nyonga huuma mvua ikianza.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Kiti kilikuwa wazi. Tumegombania tena mlango wa stesheni.

Nieleze, maana huenda binti wa marehemu mdogo wangu akaja kuyasoma haya nikishafumba macho. Mimi na mtunza ghala tumetoka mji mmoja. Tuliondoka vijana, kila mtu kwa wakati wake, tukipitia stesheni ileile, na kule hakurudiki tena: mji umepewa jina jingine, na nyumba zetu zina watu wengine ambao nao hawana kosa. Katika jiji hili lote ni yeye peke yake ninayeweza kumwambia "pale kwa fundi wa saa" asiniulize pale wapi. Mimi nasema mlango wa stesheni ulikuwa wa buluu. Yeye anasema wa kijani. Tumebishana miaka, na hakuna aliyebaki wa kutuamulia.

"Wewe ulikuwa unalia," ameniambia leo. "Machozi hubadilisha rangi."

"Na wewe ulikuwa unamtazama nani hata usiuone mlango?"

Akacheka. Akicheka hufunika mdomo kwa mkono, kama watu wa kwetu.

Jumatatu, 11 Machi

Kila Jumatatu asubuhi sasa tunasimama duara ukumbini, bila viatu, kwa kipindi kiitwacho Moyo Wazi. Ni ubunifu wa Mkuu wa Utamaduni. Cheo hicho hakikuwepo mwaka jana. Utamaduni tulikuwa nao bila mkuu. Ni mwanamume wa makamo, ana mke na picha ya mke mezani, shati lake halijui mkunjo. Viatu vyake huvipanga mlangoni sambamba kama pacha waliolala, kamba zimetumbukizwa ndani. Sisi wengine tunavirundika tu.

"Sisi si wafanyakazi," husema, kiganja kifuani. "Sisi ni familia."

Dereva wa lori, ambaye husimama karibu nami, hunong'ona: "Familia gani inamfukuza mtu kwa barua?"

Lazima nieleze tunakofanyia haya. Ubao wa matangazo mbele ya lango letu una vijana wawili waliofunikwa shuka mpaka pale sheria ya nchi inapodai, na chini yao maneno niliyoyasahihisha mwenyewe: Usiku Mmoja Hautoshi. Tunapita chini ya mapaja yale kila asubuhi kwenda kufanya kazi mahali ambapo kukumbatiana kunaruhusiwa kwa bega tu, tena bega la nje.

Leo ametangaza sheria mpya. Wenye uhusiano wa kimapenzi watajitangaza mbele ya familia. Wakishajitangaza hawatafanya kazi katika jengo moja. Atakayehamishwa ni yule ambaye pengo lake litazibika upesi.

Sentensi ya mwisho ni yangu. Yeye alikuwa ameandika: mwenye thamani ndogo ahamishwe. Nikamwambia, mwanangu, huwezi kumwambia mtu mzima hivyo. Nilikaa nayo mchana mzima hadi nikapata ile ya pengo. Ina adabu, ina mwendo. Iliposomwa leo niliionea fahari.

Mkurugenzi, aliyeoa mara tatu na mara zote kutoka idara ya fedha, alipiga makofi kuliko wote. Sheria haiangalii nyuma.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Kreti limekaliwa.

Ijumaa, 15 Machi

Naishi na huyo binti wa mdogo wangu. Ana duka la dawa, na jioni hunitazama kama anavyowatazama wateja wanaosema dawa ni ya rafiki yao.

"Mama mkubwa, leo umesema 'yule mwanamke' mara nyingi, lakini hukukumbuka kusema 'chumvi', na mboga haina chumvi."

"Namzungumzia kama mfanyakazi mwenzangu."

"Mfanyakazi mwenzako leo kavaa viatu gani?"

"Vile vyekundu. Kisigino kama msumari."

"Ehee."

"Ehee nini?"

"Hiyo dawa yake sina dukani."

Nimemwambia kwamba mtu wa umri wangu aliyesoma vitabu nilivyosoma hana muda wa mambo hayo. Ameniongezea chumvi.

Jumatatu, 18 Machi

Moyo Wazi. Kijana wa matangazo na msichana wa mapokezi, ambao hata mlinzi wa lango anajua wanapendana, walisimama katikati ya duara kutangaza kwamba hawapatani kabisa.

"Mimi hata harufu yake inanikera," msichana akasema.

"Na mimi sauti yake," kijana akasema. "Nikiisikia kwenye simu, natamani kuikata."

Makofi. Mkuu wa Utamaduni aliwasifu kwa ujasiri wa kusema ukweli. Adhuhuri niliwakuta nyuma ya mashine ya kunakili wanamenyeana chungwa.

Nikajikuta nawaonea wivu na hao pia. Kuchukiana hadharani kwa raha namna ile, mimi sijawahi kupata mtu wa kufanya naye.

Alhamisi, 21 Machi

Leo ni mbaya.

Ghala lina chumba cha ndani ambamo hukaa magodoro ya maonyesho, yale makubwa wanayolalishwa wateja wa hoteli ili waamini. Ufunguo wake mtunza ghala huufunga shingoni kwa uzi wenye shanga. Miaka yote hii sijawahi kuushika. Sikuutaka, lakini sijawahi kuushika.

Nilifika na chupa yangu. Malkia yuko mbele yake, kiganja wazi, na yeye anauvua uzi shingoni. Shanga ya ufunguo ikamkwama sikioni. Malkia akaikwamua kwa vidole viwili, taratibu, na wote wawili wakacheka. Manukato yake yalikuwa yameshika hata nailoni za magodoro.

"Mwenzangu," mtunza ghala akaniambia, na hakunitazama usoni, "leo chai tutaikosa. Nafunga mlango kidogo."

"Unafunga kwa ajili gani?"

"Mteja wa Malkia anakuja kuona bidhaa."

"Yuko wapi huyo mteja?"

"Atapitia mlango wa malori."

"Na unamwamini huyu?"

"Mimi nina funguo, mwenzangu. Sina mdomo."

Nilipanda ngazi na chupa iliyojaa. Huko juu nilikunywa vikombe vyote viwili, changu na chake, na chake kilikuwa kichungu kwa sababu yeye hanywi sukari na mimi sikumbuki tena ni lini nilianza kumtengenezea kikombe cha peke yake.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Sikushuka.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Sikushuka. Hakupanda kuuliza.

Ijumaa, 5 Aprili

Mkuu wa Utamaduni aliniita Chumba cha Uwazi. Ndicho chumba pekee katika jengo zima kisicho na dirisha.

Alisema ananiita kuhusu hotuba. Lakini hotuba ilikaa mezani haijafunguliwa, na yeye akawa anazungusha kalamu.

"Kuna maneno yanapita, mama. Kwamba ghalani kuna watu wanakutana. Wewe hushuka kule kila siku. Umeona nini?"

Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Nilidhani ni uzito wa wajibu.

Ningeweza kusema sijui. Hiyo ndiyo iliyokuwa kweli. Badala yake nilisikia sauti yangu, ile ninayoitumia kusahihisha, ikisema: "Sijaona kitu kwa macho. Lakini muulize Malkia anafuata nini kwa mtunza ghala, na kwa nini mtu wa mauzo apewe ufunguo ambao wengine hawapewi."

Uso wake ukatulia. Sijapata kuona uso ukitulia namna ile, kama mtu aliyetolewa mwiba.

"Mtunza ghala," akarudia. "Na Malkia. Asante, mama. Umeisaidia familia."

Nilitoka nikiwa mwepesi. Nilijua watahamisha nani: mwanamke wa kuvishwa utepe wako wengi, na mtunza ghala wa namna yake hayupo. Nilifika dirishani kwangu nikaitazama mvua, nikafikiri juu ya kreti langu likiwa tupu.

Jumatatu, 8 Aprili

Nitaandika yote, na kwa utaratibu.

Tulivua viatu. Duara. Mkuu wa Utamaduni akafumba macho kama kawaida yake, akayafumbua, akasema familia ina jambo. Akamwita mtunza ghala katikati. Alikuja na soksi zake zilizoshonwa kidoleni kwa uzi wa rangi tofauti. Sijawahi kumwona amesimama peke yake bila viatu. Alionekana mdogo.

"Mzee wetu," Mkuu wa Utamaduni akasema, "hapa hatuhukumu. Tunauliza kwa upendo. Una mtu unayempenda katika jengo hili?"

Nilidhani atakataa. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau kwa kukataa.

"Ndiyo," akasema. "Yupo mtu katika jengo hili. Ni wa siku nyingi."

"Si lazima umtaje. Familia inajua."

Wote wakageuka kumtazama Malkia. Malkia alikuwa analia, kichwa chini, machozi yanadondokea kwenye kucha zake zilizopakwa rangi. Na kile kilio kilinichoma kuliko lile jibu, kwa sababu ni kilio cha kweli, na mtu halii hivyo kwa kitu kisichokuwepo.

Makofi. Katika kampuni hii mtu akivuliwa nguo hupigiwa makofi.

Kisha Mkuu wa Utamaduni akasoma sheria, neno kwa neno, mpaka sentensi yangu. Atakayehamishwa ni yule ambaye pengo lake litazibika upesi. Akaeleza kwa huzuni kwamba Malkia anashikilia hoteli zote kubwa. Kuanzia kesho, mtunza ghala atakwenda ghala la mabaki, ng'ambo ya reli, yanakopelekwa magodoro yaliyorudishwa na yenye kasoro.

Sentensi yangu. Niliipa adabu na mwendo, ikaenda kwa adabu mpaka kwake.

Dereva wa lori hakunong'ona kitu leo.

Jumanne, 9 Aprili

Amekwenda. Hakupanda kuaga. Nilishuka baada ya lori kuondoka. Kreti lipo. Sponji kaichukua.

Kaichukua ili akumbuke aliyekuwa anaikalia. Nakubali sasa, kwa kuwa hakuna anayesoma: ni wivu.

Jumatano, 10 Aprili

Pengo la mtunza ghala limezibwa na kufuli la namba.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Moyo Wazi. Mhasibu alitangaza kwamba anaipenda kazi yake. Mkuu wa Utamaduni akamuuliza kama kazi hiyo iko jengo hili.

Ijumaa, 19 Aprili

Malkia bado anashuka ghalani. Nimemwona mara kadhaa kutoka dirishani, anakimbia uani na mwavuli, anabonyeza namba, anaingia. Mtunza ghala hayupo. Basi anafuata nini?

Ana mwingine! Mwenzangu anakula vumbi la mabaki kwa ajili yake, na yeye hata mwezi hakungoja. Nimekasirika kwa niaba yake. Nimemweleza binti yangu, akaacha kupanga vidonge.

"Mama mkubwa, kwanza ulikasirika kwa sababu wanapendana. Sasa umekasirika kwa sababu hawapendani."

"Hujui uaminifu ni nini wewe."

"Najua kipimo cha presha. Lete mkono."

Alhamisi, 25 Aprili

Adhuhuri radi ilipiga, umeme ukakatika jengo zima. Lile kufuli la namba likafa likiwa wazi, na mlango wa ghala ukaanza kujigonga kwa upepo. Nilikuwa nimemwona Malkia akiingia. Nilishuka. Nilijiambia nakwenda kufunga mlango mvua isilowanishe bidhaa. Mtu aliyesoma hapungukiwi na sababu.

Chumba cha ndani kilikuwa wazi pia. Kwanza niliona viatu. Viwili vyeusi, vinang'aa, vimepangwa sambamba mbele ya godoro kubwa la maonyesho, kamba zimetumbukizwa ndani. Kando yake vyekundu, kimoja kimelala ubavu.

Kisha nikamwona mwenye viatu. Alikuwa ameketi kitako, amejivutia ile nailoni ya kufungia magodoro mpaka kifuani. Nailoni haifichi kitu.

"Mama," Mkuu wa Utamaduni akasema, kwa ile sauti yake ya Jumatatu, "tunafanya majaribio ya bidhaa."

"Endeleeni," nikasema. Sijui kwa nini. Malezi yangu hayakuwa na neno jingine kwa hali ile.

Malkia alijifunika uso. Mwili aliuacha.

Nilifunga mlango nyuma yangu, kwa upole, mvua isiingie.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua siku nzima. Nimekuwa napitia yote upya, kama ukurasa uliopigwa chapa vibaya.

Mteja wa mlango wa malori alikuwa yeye. Malkia alikalia kreti langu akimsubiri yeye. Jasho lile juu ya mdomo halikuwa la wajibu. Aliniita kupima ninajua nini, nami nikamkabidhi mtu mwingine wa kubebeshwa. Na Malkia alilia kwa sababu mzee asiye na kosa alikuwa amesimama mahali pao, na hakuwa na ujasiri wa kusema.

Mtunza ghala angeweza kuwataja. Hakuwataja. Lakini pia hakusema uongo, maana huyo hajui kusema uongo. Hata godoro lenye doa humwambia mteja lina doa. Aliulizwa kama yupo mtu, akasema yupo, ni wa siku nyingi.

Basi ni nani?

Nilipokuwa namwonea wivu Malkia, angalau nilijua viatu vyake. Sasa namwonea wivu mtu nisiyemjua. Nimewapitia wanawake wote wa jengo. Mpishi wa kantini, humwekea ukoko. Mhasibu mwenye miwani, hukaa naye kuhesabu bidhaa. Yule wa masijala mwenye sauti nzuri. Nimemsomea binti yangu majina yao yote wakati anakata kucha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa:

"Na wewe, mama mkubwa, unafanya kazi jengo gani?"

Nilimwambia aache utoto. Nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Inawezekana. Haiwezekani. Kama si mimi, nitakuwa nimejiaibisha mbele ya watoto wanaoweza kuwa wajukuu zangu, na yeye atasikia, na hata kule kubishana juu ya mlango kutakwisha. Kama ni mimi, basi nimemfukuza mtu aliyekuwa ananitangaza.

Jumatatu, 29 Aprili

Duara. Bila viatu. Mkuu wa Utamaduni aliniona nikiinua mkono, rangi ikamtoka usoni mpaka masikio yakawa kama karatasi.

Nilikwenda katikati. Nyonga ilikuwa inauma na sakafu ni baridi.

"Nina jambo la kuitangazia familia," nikasema. "Mwanzoni mwa mwezi huu kiongozi wetu aliniuliza kinachoendelea ghalani. Nilimtaja mtunza ghala na Malkia. Sikuwa nimeona kitu. Nilisema hivyo kwa wivu."

Malkia akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Pili. Mtunza ghala nampenda mimi. Sijui kama yeye ananipenda. Hakunitaja. Lakini sheria haisemi lazima mapenzi yawe ya wawili. Nimeisoma, nimeinyoosha kwa mkono wangu. Inasema mwenye uhusiano ahamishwe, yule ambaye pengo lake litazibika upesi. Nukta na koma mtazipata kwingine. Naomba nihamishwe ghala la mabaki."

Mkurugenzi akakohoa. "Lakini huko ndiko aliko. Sheria inakataza jengo moja."

Mkuu wa Utamaduni akafungua mdomo. Sikumtazama yeye. Niliangalia mlangoni, kwenye lile rundo la viatu vyetu, na kando yake viwili vyeusi, sambamba, kamba ndani. Niliviangalia kwa makini, kama ninavyoangalia neno lililokosewa. Naye akafuata macho yangu mpaka hapo.

"Ghala la mabaki," akasema haraka, "si jengo. Ni banda. Familia inakubali."

Makofi. Dereva wa lori alinipigia mluzi, akakemewa kwa kuvunja utamaduni.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua imepungua. Nimepanga meza yangu. Malkia alinifuata kwenye sinki la chooni, chini ya onyo nililolisahihisha mwenyewe kuhusu kufunga bomba.

"Bibi, kwa nini hukunitaja?"

"Nilishakutaja mara moja. Haikusaidia mtu."

Akafungua maji, akayafunga. Bila ule utepe, ni mwanamke aliyechoka, ana watoto wawili na hana mume. Sijui kwa nini niliuona mguu tu muda wote huu.

"Ananiambia atamwacha mkewe mvua zikiisha," akasema.

"Mvua zinaisha."

"Najua." Akacheka, cheko fupi. "Kile kiti chako, bibi, kinaumiza! Kina shimo. Nilimwambia mzee, hebu nikatie sponji nyingine, mbona unazo tele humu. Akasema hawezi. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, 'Nikate nyingine ya nini? Mwenye kiti yupo.' Nilikuonea wivu, mwenzangu. Mimi nalalishwa kwenye godoro la maonyesho, na huwa narudisha nailoni yake vilevile mteja asijue."

Ameniita mwenzangu. Sikumsahihisha.

Jumatatu, 6 Mei

Dereva wa lori alinivusha reli. Ghala la mabaki ni banda kweli: bati, nguzo, magodoro yenye madoa na migongo iliyopinda, yamepangwa kwa uangalifu uleule kama yale ya hoteli. Mtunza ghala alikuwa anaandika vibandiko. Aliniona, akamaliza neno alilokuwa analiandika, ndipo akasimama.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yalitoka bila mpangilio.

"Mimi ndiye niliyesema."

"Najua."

"Dereva kakwambia?"

"Nilijua palepale kwenye duara. Wote walimtazama Malkia. Wewe peke yako ulinitazama mimi, tena kama mtu niliyekuibia."

"Na hukusema kitu?"

"Niliulizwa kama yupo mtu. Nikasema yupo." Akaweka kalamu sikioni. "Ulitaka niseme nini zaidi, bila viatu, mbele ya Mkurugenzi?"

"Hukukasirika?"

"Nimekasirika mpaka leo. Wewe unadhani siku za huku zimepitaje? Nilikuwa naamka nakukasirikia, nafungua ghala nakukasirikia. Jumapili ndiyo ilikuwa ngumu, nilikuwa nakukasirikia bila kazi."

Nilitafuta kitu cha kumpa, na kwa kuwa nilikuja mikono mitupu isipokuwa chupa ya chai, nikampa kile nilichokuwa nacho.

"Basi mlango wa stesheni ulikuwa wa kijani."

Uso wake ukabadilika. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Usinihonge," akasema. "Umeshasema jambo moja lisilo kweli juu yangu, latosha. Ulikuwa wa rangi gani?"

"Wa buluu."

"Uliuona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Nilikuwa nalia, lakini niliuona. Wa buluu."

Hapo ndipo akashusha pumzi. Akanionyesha kwa kidevu kreti lililopinduliwa karibu na nguzo, mahali pasipovuja. Sponji ilikuwa juu yake, kishimo upande wa kushoto. Vumbi la mabaki lilikuwa limetanda kila mahali katika banda lile isipokuwa pale. Nikaketi. Mfupa ukapata pa kulala.

Akafungua chupa, akamimina chake kisicho na sukari, kisha changu, akaninyooshea kikombe na kusema:

"Wa kijani."